Karanga za Kongwa na Lawama za London

Waingereza wa rika la wazazi wangu walikuwa na neno moja la kumnyamazisha waziri yeyote aliyekuja na mpango mkubwa wa kutumia fedha za umma. Neno lenyewe lilikuwa "karanga". Hapakuhitajika maelezo zaidi. Mtu akilitamka bungeni, upande mmoja ulicheka na upande mwingine ulitazama chini. Sisi tuliozaliwa katika nchi ambako karanga hizo zilipandwa tunalifahamu jambo hilo kwa upande wa pili, upande wa vumbi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza jinsi lawama zake zilivyogawanywa: nani alizipata, nani alizikwepa, na nani hakuulizwa hata kidogo.

Yatupasa kuanzia jikoni, maana ndiko jambo hili lilikozaliwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa miongoni mwa washindi lakini mfukoni haikuwa na kitu. Marekani ilikatiza msaada wake wa vita mwezi Agosti mwaka huohuo, na mwaka uliofuata Waingereza wakapokea mkopo wa dola bilioni 3.75 kutoka huko. Kila kitu kilichonunuliwa kwa dola, iwe ngano, tumbaku au mafuta ya kula, kilihesabiwa kwa uchungu. Mkate, ambao haukupata kuwekwa kwenye mgawo hata nyakati mbaya kabisa za vita, ulianza kuuzwa kwa kadi tarehe 21 Julai 1946, na ukabaki hivyo kwa miaka miwili. Mtu mzima wa kawaida aliruhusiwa aunsi 9 kwa siku, yaani kama gramu 255. Mafuta ya kupikia yaliteremka hadi aunsi 1 kwa mtu kwa wiki. Aunsi moja ni gramu 28. Chukua vijiko viwili vya mezani vya mafuta, viweke kwenye kikombe, halafu vipangie siku saba.

Mama mwenye watoto wanne na kikaango kikavu hana haja na mizania ya dola. Anataka kujua ni nani aliyemfikisha hapo. Chama cha akina mama kilichoitwa British Housewives' League, kilichoanzishwa mwaka 1945, kilipita kikikusanya saini za kupinga mgawo wa mkate, na Juni 1947 kikafanya mkutano mkubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Miezi michache kabla ya hapo nchi ilikuwa imepigwa na baridi kali. Makaa ya mawe yalikwama njiani, umeme ukakatwa viwandani na majumbani mwezi Februari, na watu wapatao milioni 2 wakakaa bila kazi kwa muda. Wahafidhina, waliokuwa upinzani, wakatunga kibwagizo kilichowakaa watu kichwani: tetemeka na Shinwell, ufe njaa na Strachey. Emanuel Shinwell alikuwa waziri aliyesimamia makaa na umeme. John Strachey alikuwa Waziri wa Chakula.

Je, mgawo wa mkate ulikuwa kosa la Strachey? Alishika wizara ile mwezi Mei 1946, baada ya Sir Ben Smith kujiuzulu, na ngano ilikuwa adimu dunia nzima. Uingereza ilikuwa na wajibu wa kulisha sehemu ya Ujerumani iliyokuwa chini ya majeshi yake, na Herbert Morrison alikuwa tayari amekwenda Washington na kukubali nchi yake ipunguziwe ngano. Yaani uamuzi ulikuwa umekwisha kuiva kabla mpishi mpya hajavaa aproni. Lakini lawama hazina desturi ya kwenda masjala kusoma faili. Humwangukia aliyekaa dirishani siku watu wanapofika.

Nilipokuwa masomoni kaskazini mwa Uingereza katika miaka ya 1970, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Mwanamke huyo hakupata kutupa tone la mafuta. Yaliyotoka kwenye nyama aliyagandisha katika kopo chini ya sinki, na jikoni mwake kulikuwa na harufu ya kopo hilo wakati wote. Jina la Strachey alilitamka kama mtu anayetema kokwa. Mkate angeusamehe, alisema. Asichoweza kusamehe ni kuambiwa kwamba meli za mafuta zinakuja kutoka Afrika, kisha akangoja, na meli zisije. Siku nilipomwambia kwamba mahali hapo panaitwa Kongwa, na kwamba kwetu si mbali na huko, alinitazama kama mtu aliyekutana ghafla na ndugu wa mdeni wake.

Ahadi ile ilianzaje? Watu wengi hudhani ilitoka katika vichwa vya wanasoshalisti wa chama cha Labour. Sivyo. Aliyeileta mezani mwaka 1946 alikuwa Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, watengenezaji wakubwa wa siagi ya mimea na sabuni. Biashara yao ilihitaji mafuta, na India, ambayo zamani iliuza karanga nyingi ng'ambo, sasa ilikuwa ikila karanga zake yenyewe. Samuel alipendekeza mashamba makubwa yalimwe kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikaunda ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na A. J. Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, na kufikia Septemba mwaka huohuo taarifa yao ilikuwa tayari. Walipendekeza kufyeka ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya kama pauni milioni 25 katika miaka sita. Baraza la Mawaziri likakubali, na mwezi Februari 1947, katikati ya ile baridi na giza la umeme, serikali ikautangaza mpango wake rasmi.

Naomba msomaji aitazame vizuri tarehe hiyo. Watu wamekaa na makoti ndani ya nyumba, mishumaa mezani, na serikali inawaletea habari za nchi ya jua yenye karanga zisizokwisha. Wabunge wengi wa pande zote mbili waliukaribisha mpango. Hapakuwa na aliyesimama kidete na kudai lipandwe kwanza shamba dogo la majaribio, mvua ipimwe kwa misimu mitatu, udongo uchimbwe, ndipo fedha zitoke. Waziri ambaye angekwenda kwa akina mama wa Royal Albert Hall na kuwaambia wasubiri miaka mitatu udongo upimwe angezomewa mpaka mlangoni.

Kuhusu yaliyotokea Kongwa nitapita haraka, kwa kuwa yamesimuliwa sana. Baada ya vita matrekta mapya hayakupatikana, basi yakanunuliwa makuukuu, mengine kutoka katika masalio ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Vifaru vya Sherman vilipelekwa katika kiwanda cha Vickers vikageuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo kwa mzigo ule, na Septemba 1947 makuli waligoma, mgomo ukasambaa kufuata reli ya kati. Mibuyu ilikuwa na nyuki, na nyuki hawakuwa na habari za Bunge. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Lakini udongo unastahili maneno zaidi, kwa sababu ndimo kesi yote ilimolala. Karanga, kama kila mkulima ajuavyo, huzaa chini. Ua likishapevuka, kikonyo huinama na kujichomeka ardhini, na huko ndiko ganda linakokua. Kwa hiyo karanga inataka udongo laini wa kuingilia, na laini vilevile wakati wa kuvunwa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na mvua zikikoma hukauka ukawa kama tofali. Karanga zilikuwemo ndani, lakini ungezitoa kwa sululu. Tena ulikuwa na mchanga mkali uliosaga vyuma. Baba yangu mdogo, aliyefanya kazi huko akiwa taniboi na baadaye dereva wa trekta, alikuwa akisema ardhi ile ilikula majembe kama mtoto alavyo muwa. Mvua nayo, kama milimita 500 kwa mwaka, huja itakapo. Wakuu wakahamia alizeti, na ukame wa mwaka 1949 ukazipata alizeti nazo.

Waswahili husema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hapa, kwa mara moja, jua lilikuwa na hatia kweli. Swali ni nani aliyepaswa kulijua jua hilo kabla.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1949 hesabu za Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililokuwa limeuchukua mpango kutoka kwa ile kampuni mwaka 1948, zilitolewa hadharani, na wakaguzi wakasema vitabu havikuwa vimetunzwa ipasavyo. Ndipo moto ulipowaka. Mwezi Novemba Bunge la Makabwela lilijadili jambo hilo, na yafaa kuangalia jinsi kila mmoja alivyotafuta mahali pa kuuegesha mzigo. Wahafidhina walisema hiki ndicho kilimo cha kisoshalisti: serikali haijui kulima. Walikwepa kutaja sana kwamba wazo lilitoka katika kampuni binafsi, na kwamba kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoendesha kazi kwa niaba ya serikali katika mwaka ule wa kwanza ulioharibika kuliko yote. Serikali ilitaja uchakavu wa mashine, uhaba wa chuma, na uzito wa kazi ambayo haijapata kufanywa mahali popote. Bodi ya shirika ikawatoa wajumbe wake wawili, Wakefield mwenyewe na John Rosa, wote wawili waliokuwa katika ule ujumbe wa mwaka 1946. Mwenyekiti, Leslie Plummer, alibaki kwa muda, naye akaondoka mwaka uliofuata. Strachey aliendelea kuutetea mpango na kumtetea Plummer, na kura zilipopigwa serikali ilishinda.

Ilishinda kura. Katika uchaguzi wa Februari 1950 wingi wa viti vya Labour uliteremka hadi viti 5, na karanga zilikuwa miongoni mwa hoja zilizopigiwa kelele majukwaani. Strachey alihamishiwa Wizara ya Vita, chakula akapewa Maurice Webb. Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango umeachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Oktoba mwaka huohuo Labour ilitoka madarakani, ingawa ilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina nchi nzima; viti ndivyo vilivyowashinda.

Mimi si mtetezi wa Strachey. Alikuwa msomi, mwandishi wa vitabu vya Kimarksi katika miaka ya 1930, na labda msomi hupenda mno mpango uliokaa vizuri kwenye karatasi. Dalili zilipoonekana, mapema mwaka 1948, ingewezekana kusimama. Hakusimama. Hilo ni lake. Lakini uamuzi wa kwanza haukuwa wake peke yake. Baraza zima la mawaziri lililoongozwa na Clement Attlee liliuridhia, Hugh Dalton akiwa Hazina na Arthur Creech Jones akiwa Waziri wa Makoloni. Sijapata kusikia mtu akizungumza juu ya karanga za Attlee. Attlee anakumbukwa kwa matibabu ya bure ya mwaka 1948, na anastahili. Strachey anakumbukwa kwa karanga. Hivyo ndivyo kumbukumbu ya kisiasa inavyogawa urithi, kama mzee asiyependa mtoto wake mmoja.

Nao wapiga kura je? Hapa wapenda demokrasia huwa wanakohoa na kubadili mazungumzo. Haraka iliyoharibu kazi ya Kongwa ilikuwa haraka ya jikoni. Watu walitaka mafuta na waliyataka upesi. Magazeti yakadai upesi. Upinzani ukadai upesi. Waziri akaahidi upesi. Miaka miwili baadaye walewale waliodai upesi wakauliza kwa nini kazi ilifanywa bila uangalifu. Nilijaribu kumwambia yule bibi mwenye nyumba jambo hili, kwa adabu zote. Akanijibu, "Mwanangu, mimi niliomba mafuta. Sikuomba vifaru." Jibu hilo lilinishinda, na mpaka leo sijalipatia dawa kamili. Mwenye njaa ana haki ya kusema ana njaa bila kupewa kazi ya kubuni tiba.

Tabia ya kuubandika uamuzi wa wengi jina la mmoja haikufa na kizazi kile. Tarehe 23 Septemba 2022, Kwasi Kwarteng, Waziri wa Fedha katika serikali ya Liz Truss, alitangaza punguzo kubwa la kodi bila kuonyesha fedha zitatoka wapi. Pauni ikaanguka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na wenye nyumba wa kawaida wakaanza kupiga hesabu usiku. Siku 38 tangu ateuliwe, Kwarteng alifukuzwa, ingawa sera ile ndiyo aliyokuwa akiihubiri waziri mkuu mwenyewe alipogombea uongozi wa chama. Siku chache baadaye Truss naye alitangaza kujiuzulu. Wanachama waliomchagua kwa sababu ya ahadi hizohizo walikwenda makwao kimya, na hakuna aliyewahesabia.

Hata hivyo yapo ya kuwasifu Waingereza. Hesabu mbovu zilichapishwa. Waziri alisimama mbele ya watu waliomchukia, akaulizwa shilingi kwa shilingi. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa mpango wenyewe, alijiuzulu na mwaka 1950 akatoa kitabu juu yake, The Groundnut Affair, wala hakufungwa. Sisi tuliokaa kwenye foleni za sabuni na unga mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunajua kwamba uhaba unaweza kuelezwa kwa njia nyingine: akatafutwa mlanguzi mwenye katoni kumi uvunguni, akaonyeshwa kwa umma, na ukurasa ukafungwa kabla mtu hajauliza viwanda vilikuwa na hali gani.

Kilichokosekana katika mjadala ule wa London, pamoja na uwazi wake wote, ni Mgogo. Zilihesabiwa pauni, ekari, matrekta na tani. Sijaona mahali ambapo lililetwa swali la wale waliokuwa wakichunga ng'ombe katika nchi hiyo. Wataalamu waliitazama kutoka hewani wakaona ardhi tupu, na utupu huo wakauandika kuwa faida: hakuna wa kuhamishwa. Mfugaji wa Ugogo akiona ardhi tupu huuliza kwanza habari za maji. Watu hawaachi bure mahali penye maji ya kutosha. Elimu hiyo ilikuwepo palepale kijijini, bila malipo, na kuipata kulihitaji kikalio na subira ya mchana mmoja chini ya mti. Naona hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna waziri aliyewahi kulaumiwa kwalo, kwa kuwa waliokosewa hawakuwa na kura ya kumpa wala kumnyima.

Jina lenyewe la mahali lilinisumbua nikiwa kijana. Katika Kiswahili kongwa ni ule mti wa panda aliofungwa mateka shingoni, na njia ya misafara ilipita Ugogo. Sisemi kwamba ndiyo asili ya jina. Kigogo kina maneno yake. Lakini masikio hayaombi ruhusa.

Baba mdogo hakupenda nilipoyasema haya. Kwake yeye Kongwa hapakuwa mahali pa aibu. Aliingia huko hajui kusoma dira ya mafuta ya injini, akatoka anaweza kufungua sanduku la gia na kulirudisha gizani. Alioa kwa mshahara wa huko. Waliojifunza ufundi pale walitawanyika nchi nzima, kwenye gereji, mashamba ya mkonge na kampuni za barabara. Mtwara ilipata bandari kwa sababu ya mpango uleule. Reli iliyotoka huko kwenda Nachingwea haikudumu. Mapema katika miaka ya 1960 iling'olewa kwa kukosa mzigo. Kongwa yenyewe ikawa na ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo Wagogo wangeweza kulishauri tangu mwanzo, na kuanzia miaka ya 1960 ikapokea wapigania uhuru kutoka kusini mwa Afrika, wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Nilimwuliza mara moja kama aliwahi kusikia jina la Strachey. Alifikiri kidogo, akauliza kama alikuwa fundi au msimamizi.

Mgawo wa mafuta, siagi na siagi ya mimea uliondolewa Uingereza mwezi Mei 1954, na wa nyama, uliokuwa wa mwisho, tarehe 4 Julai mwaka huo. Akina mama walichana kadi zao hadharani. Biashara ya dunia ilikuwa imetengemaa, mafuta yakapatikana tena sokoni, na serikali iliyokuwa madarakani siku hiyo ilikuwa ya Wahafidhina, nao wakazipokea shukrani zote.